Kijana wa Ziwa Tanganyika na Elimu ya Mambo ya Mataifa

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya elimu ambayo wazazi wengi wa Kigoma na Ujiji hawajaizoea, nayo ni elimu ya mambo ya mataifa pamoja na lugha ya Kifaransa, kama isomwavyo katika vyuo vikuu.

Sisi ni walimu, na kazi yetu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu. Kwa hiyo vijana wanaotaka kuendelea na masomo hutujia kuuliza shauri, na wazazi wao hutujia vilevile. Kijana asemapo, "Nataka kusoma uganga wa hospitali," mzazi hufurahi. Asemapo, "Nataka kusoma kazi ya kujenga madaraja," mzazi huelewa. Lakini asemapo, "Nataka kusoma jinsi mataifa yanavyopatana na yanavyogombana, na pamoja na hayo nisome Kifaransa," hapo mzazi hunyamaza kidogo, kisha huuliza: "Elimu hiyo itatuletea nini? Kifaransa ni lugha ya watu wa mbali, na mambo ya mataifa ni ya wakubwa waliomo katika miji mikuu."

Swali hilo si la upuzi, wala mzazi aulizaye hivyo hastahili kuchekwa. Ada ya masomo hutoka jashoni mwake, naye ana haki ya kujua inakokwenda. Jibu letu kwa ufupi ni hili: katika Tanzania nzima ni vigumu kuona mahali ambapo elimu hiyo iko karibu zaidi na chungu cha mtu wa kawaida kuliko ufuko huu wa Ziwa Tanganyika. Sasa tutaeleza sababu zetu moja moja.

Kwanza, tazameni mahali petu palipo. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 673, na kina chake hufika meta 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal peke yake lililo na kina zaidi. Nchi nne hulizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na katika hizo nne, mbili huandika mambo ya serikali kwa Kifaransa. Mtu akisimama pwani ya Ujiji asubuhi hewa ikiwa safi, huiona milima ya Kongo kwa macho yake mwenyewe. Akipanda chombo Kibirizi na kufuata ufuko kuelekea kaskazini, hufika mpaka wa Burundi. Basi mtoto wa Ujiji yu karibu sana na watu wanaoandika Kifaransa kuliko alivyo karibu na Dodoma au Dar es Salaam.

Tena watu wa ng'ambo si wageni kwetu. Wamanyema wa Ujiji asili yao ni Kongo. Wabembe wako pande zote mbili za maji. Kiha na Kirundi ni lugha za udugu, hata Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Na Kiswahili, tunamshukuru Mungu, hutumika Uvira na Kalemie kama kitumikavyo hapa. Lakini sikilizeni vizuri. Mtu wa Bujumbura atajapo neno "Leta", hamwamuru mtu alete kitu. Anaitaja Serikali, na neno hilo limetoka katika Kifaransa. Asemapo "biro", maana yake ni ofisi. Asemapo "vakansi", maana yake ni likizo. Hayo ni maneno madogo, nayo hutuchekesha sokoni. Hata hivyo yatufundisha jambo kubwa: ya kwamba sokoni twasikilizana, lakini ofisini hatusikilizani. Pale penye samaki na mafuta ya mawese udugu watosha. Pale penye karatasi, muhuri na sahihi, udugu peke yake hautoshi.

Pili, yafaa tueleze elimu yenyewe ni kitu gani. Mwanafunzi wa mambo ya mataifa husoma habari za mipaka na jinsi ilivyokatwa. Habari za mapatano na jinsi yanavyofungwa na kufunguliwa. Sheria ambazo mataifa yamekubali kuzifuata. Biashara ipitayo kutoka nchi hata nchi. Na sababu za vita na njia za suluhu. Nayo lugha ya Kifaransa hufundishwa bega kwa bega na mambo hayo, kwa maana kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo lugha ya mabalozi. Mapatano makubwa ya Berlin ya mwaka 1885, ambayo yaliweka kanuni kwa Wazungu waliokuwa wakigawanya Afrika, yaliandikwa kwa Kifaransa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yaliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza kwa uzito ulio sawa. Katika Umoja wa Mataifa leo, makarani wa ofisi kuu hufanya kazi kwa lugha hizo mbili. Na kwetu Afrika Mashariki, baada ya Rwanda na Burundi kuingia katika Jumuiya mwaka 2007, wakuu wa nchi walikubali mwaka 2021 ya kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza; na mwaka 2022 Kongo nayo iliingia. Kijana akitaka kuisoma elimu hii hana haja ya kwenda Ulaya. Iko katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na iko Kurasini katika chuo cha mambo ya nchi za nje kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim.

Kifaransa chenyewe si kigeni cha jana katika ufuko huu. Mapadri Weupe, walioanzishwa na Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji mwaka 1879, nao walisali na kuandikiana barua kwa Kifaransa. Mwaka huohuo Mbelgiji mmoja, Cambier, alijenga kituo Karema, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadri. Hapo Karema ndipo alipotumika Adrian Atiman, mtu wa Afrika ya Magharibi aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadri, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Aliwatibu watu wa ufuko huu zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Basi asiwepo mtu wa kusema ya kwamba elimu ya mbali haiwezi kutumika mahali petu padogo. Ilikwisha kutumika, na wajukuu wa waliotibiwa wangali wanakumbuka.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Twataka kuwapa habari ya karatasi moja iliyohusu Kigoma, kwa maana hiyo peke yake itaonyesha kwa nini mtoto wa hapa asome mambo haya.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya safari ya kiasi cha kilometa 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kabla haijapata kufanya kazi yake sawasawa, vita vikaanza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliwafukuza Wadachi, yaani Wajerumani, yakaishika Kigoma na Ujiji, na Wabelgiji wakakaa hapa hata mwaka 1921. Vita vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi iliyokuwa ya Wadachi: Ruanda na Urundi zikawekwa chini ya Ubelgiji, na Tanganyika chini ya Uingereza. Lakini Wabelgiji walikuwa na shida moja. Mali ya Kongo ya mashariki na ya Ruanda-Urundi ilikuwa mbali mno na Bahari ya Atlantiki, na njia yake fupi ya kufika baharini ilikuwa ni kuvuka ziwa hata Kigoma, kisha kushika reli hata Dar es Salaam.

Ndipo tarehe 15 Machi 1921 serikali hizo mbili zilipotia sahihi mapatano mjini London. Kwa mapatano hayo Wabelgiji walipewa ruhusa ya kupitisha watu na mali katika nchi hii pasipo kulipa ushuru wa forodha kwa vitu vinavyopita tu. Tena walipewa mahali pao wenyewe bandarini, sehemu moja Dar es Salaam na sehemu moja Kigoma. Walipewa kwa upangaji wa milele. Na kodi yake? Faranga moja kwa mwaka.

Tafadhali yapimeni maneno hayo matatu: upangaji, milele, faranga moja. Upangaji ni jambo la kawaida. Kila mwenye nyumba Ujiji aujua. Faranga moja haiwezi kumshibisha mtu hata kwa chakula kimoja, nayo iliwekwa ili kodi iwepo kwa jina tu. Lakini neno lenye nguvu ni lile la katikati. Mpangaji wa milele ni mpangaji wa namna gani? Mwenye nyumba akifa, mpangaji yupo, mtoto wa mwenye nyumba akizaa, mpangaji yupo, hata mjukuu akitaka kujenga, ataambiwa, "Babu yako alikwisha kutoa."

Tena si babu aliyetoa. Hapana mtu wa Kigoma wala wa Ujiji aliyetia sahihi katika karatasi ile. Mapatano yalifanywa kati ya Uingereza na Ubelgiji, mbali, kisha yakaingia miongoni mwa mapatano ya zamani za Shirika la Mataifa la Geneva, ambayo yalichapwa vitabuni kwa Kiingereza na Kifaransa. Mtu aliyekuwa akipakua magunia gatini aliijua sehemu ya Wabelgiji kwa kuiona. Aliujua ukuta wake na mlango wake. Lakini ukuta ule ulisimama juu ya neno moja, nalo neno hilo halikusomwa kwake kwa lugha aliyoielewa. Mambo yalikaa hivyo miaka 40.

Tanganyika ilipokaribia uhuru, swali hilo halikuweza kuahirishwa tena. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alisimama katika Baraza la kutunga sheria akalieleza. Yeye naye alikuwa mwalimu kama sisi, amefunzwa Makerere na Edinburgh, na alijenga hoja yake kama mwalimu ajengavyo somo. Alisema ya kwamba Uingereza haikuwa mwenye nchi hii. Ilikuwa imekabidhiwa tu ili iitunze, kwanza kwa niaba ya Shirika la Mataifa, kisha kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na kazi hiyo ilikuwa na mwisho wake. Basi aliyekabidhiwa kwa muda hawezi kumpa mwingine kitu kwa milele. Kwa sababu hiyo Tanganyika huru haitajiona imefungwa na upangaji ule.

Watu wa Ujiji hawana haja ya kupelekwa Geneva ili waelewe hoja hiyo, kwa maana wanaijua sheria ya wasii. Baba akifa na kuacha shamba na watoto wadogo, wasii hulitunza shamba. Aweza kulipalilia, aweza kuuza mavuno ili awalishe yatima, aweza hata kumkodisha jirani kwa msimu. Lakini akimpa jirani shamba lile daima dawamu kwa pishi moja ya mtama kwa mwaka, hapana kadhi wala mzee atakayesema ya kwamba yatima wamefungwa na mapatano hayo watakapokuwa watu wazima. Neno alilolisema Mwalimu katika Baraza lilikuwa ni hilohilo, ila limevikwa mavazi ya sheria ya mataifa.

Jambo jingine lastahili kuangaliwa, nalo ni adabu ya hoja ile. Mwalimu hakusema ya kwamba majirani wafungiwe njia. Watu wa Kongo, Ruanda na Urundi hawakuchagua kuwa mbali na bahari, nao walihitaji bandari zetu kama tulivyohitaji mizigo yao. Alilokataa ni milele iliyotolewa na asiye na haki ya kuitoa. Kupatana upya, watu huru kwa watu huru, hakukukataa. Kisha, siku ya uhuru yenyewe, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika iliuandikia Umoja wa Mataifa ya kwamba mapatano ya nchi mbili mbili yaliyofanywa na Uingereza kwa ajili yetu yataendelea kwa miaka miwili, ili kila moja litazamwe: la kuwekwa liwekwe, la kubadilishwa libadilishwe, la kuachwa liachwe. Kanuni hiyo sasa husomwa katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi, nayo huitwa kwa jina la Nyerere. Wasikilizaji wetu, mbegu mojawapo ya kanuni hiyo ilikuwa ni kipande cha ardhi katika bandari yetu ya Kigoma.

Je, mwanafunzi wa chuo kikuu atakayetaka kulichunguza jambo hili afanyeje? Kwa kuwa vijana hutuuliza hilo mara nyingi, tutasema kidogo. Kwanza ayatafute maneno yenyewe ya mapatano, ayaandike kwa Kiingereza upande mmoja wa daftari na kwa Kifaransa upande wa pili, kisha ayalinganishe mstari kwa mstari. Asisome masimulizi ya watu juu ya karatasi kabla hajaisoma karatasi. Pili, aende katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, atazame barua za serikali. Na akijaliwa, aziulize pia nyaraka za London na Brussels, kwa maana kila upande uliandika siri zake kwa lugha yake. Asiyesoma Kifaransa atasikia shauri la upande mmoja tu, naye atakuwa kama hakimu aliyemsikiliza mdai na kumfukuza mdaiwa.

Tatu, na hili ndilo wanafunzi wengi hulisahau, aje hapa. Atembee bandarini, aone gati na reli na mabohari. Awaulize wazee waliopakia mizigo, na makarani waliostaafu, na akina mama waliokuwa wakiuza chakula karibu na lango. Asije na maswali yaliyokwisha kujibiwa kichwani mwake. Awe na barua ya chuo chake na ruhusa ya wakuu wa mahali. Aeleze anataka nini na maneno atayapeleka wapi. Na mtu akiogopa jina lake lisiandikwe, asiliandike. Mwishowe, akiisha kupata shahada yake, asiwaache waliomfundisha bila kitu. Aandike kurasa chache za Kiswahili safi, azilete shuleni na katika ofisi ya kata, ili wale walioulizwa wasome walichokisema. Elimu iliyochukuliwa Ujiji na kufungiwa Dar es Salaam ni mali iliyohamishwa bila ushuru.

Labda mzazi atasema, "Hayo ya mwaka 1921 yamepita. Sisi twaangalia ya leo." Haya, na tuyaangalie ya leo.

Tarehe 12 Juni 2003, hapo Dar es Salaam, nchi nne za ziwa hili zilitia sahihi mapatano ya kulitunza pamoja: maji yake, samaki wake na misitu iliyo kandokando yake. Ofisi ya mamlaka iliyoundwa kwa mapatano hayo iko Bujumbura, na lugha za kazi yake ni Kiingereza na Kifaransa. Wako watakaodhani hayo ni maneno ya wakubwa tu. Lakini mwaka 2024, kwa kufuata mapatano ya nchi za ziwani, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Kwa muda wa miezi mitatu taa za wavuvi hazikuonekana usiku, na vichanja vya kuanikia dagaa vilikaa vitupu. Sisi hatusemi ya kwamba shauri hilo lilikuwa baya. Ziwa lisilopumzishwa litachoka, na wavuvi wenyewe walikwisha kuona ya kuwa samaki wanapungua. Twasema hivi tu: ya kwamba neno lililoandikwa na nchi nne lilifika mpaka jikoni mwa mjane wa Kibirizi. Je, haifai awepo mtoto wa Kibirizi katika chumba linamoandikwa, asomaye kurasa za Kiingereza na za Kifaransa pia, na ajuaye mgebuka kwa kumvua, wala si kwa kumwona katika picha?

Iko habari nyingine, nayo ni nzito zaidi. Mkoa wetu umepokea wakimbizi mara nyingi. Warundi walikimbilia kwetu mwaka 1972, na tena mwaka 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa. Watu wa Kongo walikuja wengi mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ilipoanzishwa katika Kasulu. Na mwaka 2015 Warundi makumi ya maelfu walijaa katika kijiji cha Kagunga, penye milima nyuma na maji mbele, kipindupindu kikawaingia, na meli ya zamani Liemba ikatumwa kuwachukua hata Kigoma. Watu wa ufuko huu waliona kwa macho yao, na wengi waliwapa maji na mahali pa kulala.

Mkimbizi akiisha kunywa maji na kulala, siku moja huitwa mbele ya meza aeleze habari zake. Haki yake imewekwa katika mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 na yale ya nchi za Afrika ya mwaka 1969, ya kwamba asirudishwe mahali penye hatari ya maisha yake. Lakini mapatano yale ya Geneva husema pia ya kwamba mtu aliyetenda makosa makubwa, kama vile mauaji ya watu wengi wakati wa vita, hapati ulinzi huo. Sasa sikilizeni jinsi neno moja liwezavyo kumpoteza mtu. Katika Kifaransa liko neno "assister". Mtu akisema ya kwamba alifanya hivyo kwenye mkutano, maana yake alihudhuria. Na akisema alifanya hivyo kwenye mauaji, maana yake alikuwapo akayaona. Lakini Kiingereza nacho kina neno lifananalo nalo kwa sura, ambalo maana yake ni kusaidia. Mkalimani aliyejifunza Kifaransa nusunusu, akabahatisha kwa msaada wa Kiingereza chake, ataandika ya kwamba mtu yule alisaidia kuua. Mama aliyejificha majanini akaona jirani zake wakichinjwa atageuzwa muuaji kwa kalamu ya mtu asiye na nia mbaya. Atakaporudi kesho kusema, "Sivyo nilivyosema," karatasi itasema, "Ndivyo ulivyosema," na desturi ya dunia ni kuisadiki karatasi.

Hiyo ndiyo sababu sisi huwakataza wanafunzi wetu kujivunia lugha waliyoigusa tu. Kifaransa si pambo la kuvaa siku ya sikukuu. Ni chombo chenye makali, na asiyekijua atamkata mwenzake. Vilevile mkalimani ajuaye Kifaransa cha vitabu, lakini hajui Kiha wala Kirundi wala Kiswahili cha Kongo, bado hajawa tayari kwa kazi, kwa maana mkulima wa Makamba na mvuvi wa Baraka hawasemi kama vitabu. Kijana wa Ujiji ana nusu ya mzigo tayari kichwani. Lugha za majirani alinyonya pamoja na maziwa. Nusu iliyobaki ndiyo ya chuo.

Juu ya kazi tutasema kweli bila kuipamba. Si kila asomaye mambo ya mataifa atakuwa balozi, na mzazi asimsomeshe mtoto kwa tumaini la motokaa yenye bendera. Lakini forodhani pana kazi, na bandarini, na katika ofisi za mizigo iendayo Burundi na Kongo. Makambi na mahakama huhitaji wakalimani waaminifu. Na shule zinazofundisha Kifaransa katika mkoa wetu ni chache, kwa sababu walimu wa Kifaransa ni wachache. Atakayerudi kufundisha, hata akifundisha wanafunzi 20 tu, atakuwa ameongeza macho 40 ya kusoma karatasi za ng'ambo.

Na kijana aliye mbali na chuo asikae akingoja. Redio za Bujumbura na za Kongo zasikika hapa. Kila siku na asikilize habari za Kifaransa kwa dakika chache, ayaandike maneno matano, amtafute mtu wa ng'ambo amsahihishe. Kuuliza si ujinga. Ajifunze pia kusoma mapatano madogo yaliyo karibu naye, ya chama cha ushirika, ya kukodi mtumbwi, ya kiwanja cha nyumba, akiuliza kila mara maswali yaleyale: Ni nani anayetoa? Ana haki gani ya kutoa? Anatoa kwa muda gani? Na mwenyewe aliulizwa? Mwanafunzi aliyeyazoea maswali hayo manne katika karatasi ya mtumbwi hatapotea katika karatasi ya mataifa.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ziwa ni mali, bandari ni mali, na jina jema la mtu aliyekimbia kifo ni mali pia. Daftari lake liko, nalo sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisomi. Basi, enyi wazazi wa Kigoma, Ujiji, Kasulu, Uvinza na Kagunga, mtoto wenu akiwaambia ya kwamba anataka kujifunza kulisoma, msinyamaze. Mwulizeni kama yu tayari kulisoma mpaka mwisho, na kama atarudi kuwasomea. Akisema ndiyo, mpeni baraka zenu, na mwacheni aende.